Maneno Aliyoyaruka Mama Kibanda

Mama mkwe wake ndiye aliyempa jina hilo, na wala hakukusudia. Majirani walimuuliza mkaza mwanawe anafanya kazi gani, naye akajibu kwa fahari zote, "Ana kibanda pale kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano." Majirani wakasikitika. Mwanamke aliyesoma vile, mwenye lugha nne mdomoni, kumbe anauza vocha na maji ya chupa. Mmoja mwenye roho nzuri akaanza hata kumwagiza nyanya. Mpaka ije kuelezwa kwamba kibanda chenyewe ni chumba cha kioo wanamokaa wakalimani, maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Jina la Mama Kibanda likamfuata hadi kazini, walinzi wa getini wakalidaka, na wenzake wakaona linamfaa.

Na kibanda kilikuwa kibanda kweli. Upana wake meza moja na viti viwili. Zulia lilianzia sakafuni likapanda hadi ukutani, ili sauti zisirudi. Feni ilikuwepo ila haikuwashwa, kwa sababu kipaza sauti husikia feni kuliko kinavyomsikia mtu. Mezani kulikuwa na vipaza sauti viwili, na kando ya kila kimoja kitufe chekundu walichokiita cha kikohozi: ukikibonyeza, unaweza kukohoa, kupiga chafya au kumtukana msemaji, na ukumbini kusisikike kitu. Kiti cha pili kilikuwa cha mwenzake. Wakalimani wote huwaita wenzao wa kibandani pacha, maana hufanya kazi kwa kupokezana nusu saa nusu saa kama watoto wanaonyonya titi moja. Huyu wake alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, baba wa watoto watatu, na jina la Pacha lilikuwa limemganda kabisa.

Sheria ya kwanza ya kibandani ni kwamba neno "mimi" si lako. Waziri akisema "mimi nimekosea", nawe unasema "mimi nimekosea", kwa sauti ileile ya unyenyekevu wa kuazima. Kwa miaka ishirini na saba Mama Kibanda alikuwa amekuwa rais, amekuwa jemadari, amekuwa muuza makombora, amekuwa mama aliyezika watoto watatu kwa siku moja. Aliwahi kuomba msamaha kwa niaba ya wanaume ambao nyumbani kwao hawajawahi kuomba hata chumvi kwa adabu. Siku akilazimika kusema jambo lake mwenyewe, labda msemaji anakimbia mno, hujitaja kana kwamba ni mtu mwingine: "Mkalimani anaomba msemaji apunguze kasi." Baada ya hapo anarudi kuwa waziri.

Sheria ya pili haikubandikwa ukutani, ila kila mgeni wa kazi alifundishwa wiki ya kwanza: mapambo hurukwa. Msemaji anakimbia, mkalimani anamfukuza, na mwenye kufukuza hutupa mizigo. Kwanza unatupa "waheshimiwa mabibi na mabwana". Kisha sifa za mji na za wenyeji. Kisha Mungu. "Salamu, sifa na Mungu," mwalimu wake alikuwa akisema, "hivyo vitatu havina uzito wa kisiasa. Viacheni njiani, hakuna atakayerudi kuviulizia." Naye alipokuja kuwa mwalimu wa wengine, pamoja na Pacha, alifundisha hivyohivyo.

Nyumbani jambo hilo lilikuwa mzaha. Mama mkwe, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye siku yake ilianza kwa sala na kuisha kwa sala, alikuwa akimngoja jioni kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Leo umemruka Mungu mara ngapi?"

"Kidogo tu, mama. Tulikuwa na haraka."

"Na yeye hana haraka. Atakungoja."

Wakacheka, chai ikamiminwa.

Lakini si kila kitu hapo kilikuwa cha kuchekesha. Miaka minane nyuma mumewe, mtoto wa pekee wa bibi huyo, aliugua Jumanne na kufa Ijumaa. Watu walikuja kutoa pole, wema watupu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimshika mkono akamwambia, "Ni mapenzi ya Mungu." Alipofika mtu wa mia aliona akiambiwa tena atamng'ata mtu. Hakumng'ata. Alisema asante. Ila toka hapo, bibi akianza sala ya jioni, Mama Kibanda huinuka taratibu akaenda jikoni kuosha sufuria ambazo zimekwisha oshwa. Na kule kazini, Mungu akawa mwepesi kumruka. Alimruka hata pale muda ulipokuwepo. Hili hakumwambia mtu yeyote, na pengine hata yeye mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Mazungumzo ya daraja yalianza Jumatatu na yalipewa siku kumi na mbili. Nchi mbili jirani, zilizotenganishwa na mto na kuunganishwa na daraja moja, zilikuwa zimelifunga daraja hilo kwa miaka minne. Askari walikaa huku, askari walikaa kule. Hospitali ya maana ilikuwa ng'ambo moja, makaburi ya wazee yalikuwa ng'ambo nyingine. Watu walikuwa wamekufa wakiitazama hospitali kwa macho, na waliokufa walizikwa ugenini. Kama yasingepatikana makubaliano kufikia Ijumaa ya pili, kila upande ungerudi kwake, na kila mtu pale ukumbini alijua kwamba ujumbe ukirudi mikono mitupu, mizinga ndiyo itakayoendelea kuzungumza.

Mwenyekiti, bwana mtanashati kutoka nchi ya mbali, alifungua kikao kwa utani. "Hapa tunazungumza siasa," alisema. "Imani zetu tuziache mlangoni, pamoja na simu."

Watu wakacheka. Simu kweli ziliachwa mlangoni, kwenye kikapu, kila moja na namba yake. Imani hazikuwekewa kikapu. Mama Kibanda alicheka pia, ingawa yeye kwa kazi yake alipaswa kujua kwamba haziachiki. Si yeye aliyekuwepo kwenye ule mkutano wa samaki, samaki tu, uliovunjika asubuhi moja kwa sababu tarehe ya kutia saini iliangukia siku ya ibada ya wenzao? Si yeye aliyewasikia wakubwa wangapi wakisema dini na siasa ni vitu viwili mbalimbali, kisha wakamaliza hotuba kwa kuiombea nchi baraka? Wakiapishwa hunyanyua mkono, wakishinda hushukuru, wakishindwa husema tumwachie Mungu, na wakitaka kupigana huwa wameshamwuliza na amekubali. Lakini ndiyo hivyo. Mzoea kuruka mtaro hauoni tena kama upo.

Kwa kuwa kibandani majina hayashikiki, alizoea kuwapa wasemaji majina yake. Kiongozi wa ujumbe wa ng'ambo ya juu alikuwa mzee mrefu, zamani mwalimu wa shule ya msingi, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni isimpotee. Huyo akawa Mzee Miwani. Kiongozi wa ujumbe wa ng'ambo ya chini alikuwa waziri, mama mwenye mwili na sauti, anayegonga meza kwa kalamu kila anapofika kwenye hoja. Huyo akawa Bi Kalamu. Bi Kalamu alisema kama mvua juu ya bati. Kazi ya Mama Kibanda na Pacha ilikuwa kuyachukua maneno ya Bi Kalamu na kuyatia masikioni mwa Mzee Miwani, kwa lugha ya Mzee Miwani.

Kufikia siku ya tano kila kitu kilikuwa kimekubaliwa kwenye karatasi. Saa za kufungua, idadi ya malori, nani akague mizigo, nani afagie. Kilichobaki ni Mzee Miwani kusema ndiyo. Na Mzee Miwani hakusema. Kila jioni Mwenyekiti alimuuliza, na kila jioni alijibu neno lilelile: "Bado nasikiliza."

Waandishi wa habari waliandika kwamba anasubiri amri kutoka kwa wakubwa fulani. Wengine waliandika amehongwa. Pacha alisema mzee amependa tu vitanda vya hoteli.

Siku ya kumi, Jumatano, wakati wa mapumziko, Mama Kibanda alikuwa nyuma ya nguzo ya ukumbi wa nje akijaza maji kwenye kikombe cha karatasi. Upande wa pili wa nguzo Mzee Miwani alikuwa amesimama na katibu wake, binti aliyembebea mafaili. Hawakumwona. Na hata wangemwona, nani humwona mkalimani?

"Mzee, kilichobaki ni nini?" binti aliuliza. "Nyumbani wanauliza."

"Najua wanauliza," alisema mzee. "Na nikirudi wataniuliza kubwa zaidi. Wataniuliza, amekuapia kwa nani? Siku kumi namsikiliza yule mama. Ana akili, ana takwimu, ana mpango. Lakini siku kumi hajamtaja Mungu hata mara moja. Hata kwa bahati mbaya. Hata mlevi humtaja."

"Labda kwao ndivyo serikali inavyosema."

"Labda. Lakini mimi nampelekaje mama mjamzito mpaka katikati ya daraja, kwenye bunduki za watu wasiomwogopa yeyote? Kijijini niwaambie nini? Niwaambie wameapa kwa kamati ndogo?"

Kikombe kilijaa, kikafurika, kikamlowesha Mama Kibanda viatu. Alikuwa akiisikia sauti ya Bi Kalamu kichwani, ile mvua yote, na ndani ya mvua, wazi kabisa, Mungu akipenda, haki ya Mungu, Mungu aepushe, Mungu akinipa uhai. Bi Kalamu hakumaliza hotuba bila kumtaja. Alikuwa akimtaja kama watu wengine wanavyovuta pumzi. Na yeye, Mama Kibanda, alikuwa amesimama mlangoni mwa masikio ya yule mzee siku kumi, akimzuia Mungu kila mara asipite.

Fundi wa sauti, rafiki yake wa siku nyingi, aliwapa sauti zilizorekodiwa bila kuuliza. Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi, yeye na Pacha walikaa kibandani na daftari, hedifoni masikioni, wakisikiliza sikio moja Bi Kalamu, sikio la pili wao wenyewe. Waliandika kila mahali Mungu alipoingia upande mmoja asitoke upande wa pili. Hamsini na tatu. Thelathini na tisa ya Mama Kibanda, kumi na nne ya Pacha.

Nyingi zilikuwa takataka za mdomo tu, mtu asingehitaji kuzililia. Lakini moja ilikuwa ya siku ya tatu. Hapo kalamu iliacha kugonga. Bi Kalamu akasema polepole, kwa sauti ya chini ambayo hakuitumia tena: "Mungu ni shahidi yangu, siku daraja likifunguliwa, askari wangu hatamgusa mgonjwa wala anayekwenda msibani." Na sikio la pili Mama Kibanda alijisikia akisema, laini, safi, ya kufundishia: "Daraja likifunguliwa, askari wetu hawatawagusa wagonjwa wala wafiwa."

Haraka haikuwepo. Waliirudia mara mbili. Muda ulikuwepo, tena wa kutosha na kubaki.

"Ni wewe huyo," Pacha alisema, na mara akajuta. "Au mimi ningefanya hivyohivyo, dada. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Ndiyo. Ndivyo nilivyokufundisha."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kusahihisha."

Pacha alivua hedifoni. "Kusahihisha siku kumi? Mkalimani husahihisha namba, husahihisha tarehe, papo hapo. Huwezi kurudi siku ya kumi na mbili useme, samahani, nilisahau Mungu. Watatunyang'anya vibali wote wawili. Mimi nina watoto, dada yangu. Na nikuulize, hao wanaomtaja Mungu si ndio haohao waliopigana? Mkataba wa kwanza, ule uliovunjika, si waliapa? Nilikuwepo. Waliapa mpaka wakalia."

"Waliapa."

"Basi Mungu wa midomoni anasaidia nini?"

Hapo Pacha alisema kweli. Mama Kibanda alisema tu kile alichokuwa nacho. "Sijui kama anasaidia. Lakini mzee wa watu ananunua mbuzi ndani ya gunia, na gunia nimelifunga mimi."

"Ukisema, sema peke yako."

"Nitasema peke yangu."

Alikwenda kwanza kwa mkuu wa wakalimani, kama utaratibu unavyotaka. Mkuu alimsikiliza, akafunga mlango, akamwomba aandike barua ambayo ingejadiliwa wiki ijayo. "Wiki ijayo watakuwa wanapigana," alisema Mama Kibanda. Mkuu alijibu kwamba wakalimani ni bomba la maji, na bomba haliulizwi habari za maji ya juzi. Kisha akaongeza, kwa upole wa kweli, kwamba mkalimani akikiri mbele ya ukumbi hatapata tena kazi ya ukumbi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mjane, mwenye mzee nyumbani, afikirie.

Akafikiria. Jioni hiyo bibi hakuchelewa kuuliza.

"Leo umemruka mara ngapi?"

Mama Kibanda aliketi kwenye kigoda, karibu na miguu yake. "Mama, mtu akisema Mungu ni shahidi yangu, akasema kwa mazoea tu ya mdomo, hiyo inahesabika?"

Bibi alilitafakari kama mtu anayepembua mchele. "Hiyo ni baina yake na huyo shahidi. Wewe katika hayo kazi yako ni nini?"

"Kufikisha."

"Haya."

Bibi alichukua kitambaa chake, akajiweka sawa kwa sala, na Mama Kibanda akainuka kwenda kwenye sufuria zake.

Ijumaa ukumbi ulikuwa na baridi ya watu walioshindwana. Wasaidizi walishaanza kupanga mafaili kwenye mabegi. Mwenyekiti aliuliza kwa mara ya mwisho, na Mzee Miwani alisema kwamba amesikiliza, anashukuru kwa ukarimu, na kesho atasafiri. Bi Kalamu alitupa kalamu mezani. Mwenyekiti akaanza maneno ya kufunga.

Ilikuwa nusu saa ya Pacha. Mama Kibanda aligonga meza kwa kidole, alama yao ya kupokezana. Pacha alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko walivyoweza kumudu, kisha akazima kipaza sauti chake na kusogeza kiti nyuma.

Maneno ya kufunga ya Mwenyekiti yakapita bila mtu wa kuyabeba. Hayo nayo yalikuwa mapambo.

"Mkalimani anasahihisha," alisema Mama Kibanda. Hiyo ndiyo kauli ya kazi, na ilitoka vizuri. Sentensi ya pili ndiyo iliyokataa. Alifungua mdomo aseme "mkalimani aliacha", akaona huyo mkalimani anayesemwa ni kama mwanamke fulani wa mtaa wa pili. Akaanza upya.

"Mimi. Mimi ninayesema sasa, si mheshimiwa yeyote. Tangu siku ya kwanza, mheshimiwa wa upande wa pili amemtaja Mungu mbele yenu mara hamsini na tatu. Hamkusikia kwa sababu mimi sikusema. Sasa nasema."

Kibanda chake kilisikika kwenye masikio ya watu saba tu, ujumbe wa ng'ambo ya juu. Ukumbi mzima uliwaona watu hao saba wakishika hedifoni kwa mikono miwili, wakaacha kufunga mabegi, na hakuna mwingine aliyejua kwa nini. Mwenyekiti aliendelea kushukuru wahudumu.

Alisoma kutoka kwenye daftari. Alitaja siku, kisha maneno. Siku ya kwanza: Mungu akipenda. Siku ya kwanza: namshukuru Mungu tumefika salama. Siku ya pili: haki ya Mungu, hatuna nia mbaya. Siku ya pili: Mungu awarehemu wa kwenu na wa kwetu. Siku ya tatu: Mungu ni shahidi yangu. Hapo alisimama akaisema sentensi yote, polepole, kwa sauti ya chini, kama ilivyosemwa. Akaendelea. Mungu aepushe. Mungu akinipa uhai. Kwa uwezo wake Mungu. Yakitolewa kwenye hoja zake, bila malori wala saa za kufungua, maneno yale yakaanza kujipanga yenyewe, moja likivuta jingine, na katikati ya orodha alitambua jambo lililomtia hofu kuliko kibali chake: sauti aliyokuwa akiisikia ni ya bibi karibu na dirisha, jioni. Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivi ya aina hii tangu azike.

Kisha akalifikia la siku ya nane, la arobaini na nne. Bi Kalamu alikuwa amelisema akizungumzia vijana waliokufa mtoni, na Mama Kibanda hakuwa amelitoa. Hata jana, akiliandika, aliandika herufi za mwanzo tu. Alibonyeza kitufe cha kikohozi. Pacha akasogea, mkono ukiwa tayari kwenye swichi yake. Mama Kibanda alimtikisia kichwa. Akaachia kitufe.

"Siku ya nane," alisema. "Ni mapenzi ya Mungu."

Hakumng'ata mtu. Akaenda la arobaini na tano.

Alipomaliza la mwisho alisema kwamba hayo ndiyo yote, na kwamba kosa ni lake. Ndipo swichi ya pili ikalia. "Kumi na nne kati ya hayo ni yangu," alisema Pacha kwenye kipaza sauti chake, na akazima upesi.

Mzee Miwani alivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye uzi. Akamkatiza Mwenyekiti katika shukrani zake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku kumi na mbili, akamgeukia Bi Kalamu. Kibanda cha jirani, cha wakalimani wa upande wa pili, kikayabeba maneno ya mzee hadi masikioni mwa Bi Kalamu.

"Mama, nimeambiwa sasa hivi kwamba umemtaja Mungu mara hamsini na tatu. Nataka kukuuliza. Ulimaanisha?"

Bi Kalamu alitazama kulia na kushoto, akatafuta kalamu yake, akaiona mbali, akaiacha. Kila mtu pale angetegemea aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa rahisi, na ilikuwa na faida. Mama Kibanda aliweka kidole kwenye swichi.

"Mara hamsini na tatu?" alisema Bi Kalamu. "Sikujua. Nyingi hapo ni mdomo tu, mzee wangu. Mama yangu alisema hivyo, nami nasema hivyo. Siwezi kukudanganya kwamba nilipotaja malori nilikuwa naswali."

Mama Kibanda alilifikisha lote, na neno mdomo, na neno malori.

"Lakini lile la siku ya tatu," Bi Kalamu akaendelea, "la mgonjwa na mfiwa. Lile nililimaanisha. Mama yangu huyohuyo amezikwa ng'ambo yenu. Lile nalirudia, Mungu ni shahidi yangu."

Na hilo nalo Mama Kibanda alilifikisha, neno kwa neno, halina pambo hata moja.

Mzee Miwani alivaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Angesema yote alimaanisha, ningesafiri kesho." Akamwambia binti wa mafaili afungue tena mabegi.

Sitaki kusema kwamba siku hiyo amani iliingia duniani, maana haikuingia. Walikaa wiki nyingine wakagombana sana. Waliafikiana jambo dogo: daraja lifunguliwe kwa wagonjwa na wafiwa, asubuhi mpaka jioni, siku zote isipokuwa ikinyesha sana. Malori yakaachwa. Watu wenye busara waliandika kwenye magazeti kwamba hesabu za maslahi ndizo zilizoamua. Huenda.

Mama Kibanda hakuwepo wiki hiyo. Barua ya mkuu ilikuwa fupi na ya heshima, na ilimfikia Ijumaa hiyohiyo kabla jua halijazama. Pacha alipewa onyo akabaki. Alimsindikiza hadi getini akimbebea mto wa kiti, mali yake pekee kibandani, na mlinzi akauliza, "Mama Kibanda, unahama?" Akasema anahama.

Nyumbani bibi alikuwa dirishani. Aliona mto, hakuuliza habari za mto.

"Leo umemruka mara ngapi?"

"Leo sikumruka, mama. Hata mara moja. Na wamenifukuza kazi."

Bibi alinyoosha mkono, akamshika kama watu walivyomshika miaka minane nyuma, na akasema lile ambalo mtu wa umri wake hana jingine la kusema. "Ni mapenzi ya Mungu, mwanangu."

"Hilo nimelisema mwenyewe leo mchana," alisema Mama Kibanda. "Namba arobaini na nne. Lilinishinda, nikalisema hivyohivyo."

Bibi hakuelewa habari ya namba. Alijifunga kitambaa, akajiweka sawa kwenye kiti, akasafisha koo. Kule jikoni sufuria zilikuwa safi, zimepangwa. Mama Kibanda aliweka mto wake sakafuni chini ya dirisha, akaukalia.

"Anza, mama," alisema. "Nasikiliza."